KLACHI YA PIKIPIKI KUUKUU: JINSI YA KUIKAGUA NA KUIBADILI

Mwezi huu twataka kunena nanyi habari ya chombo ambacho wengi wetu twakipanda kila siku na wachache tu twakijua, yaani pikipiki kuukuu. Na hasa kile kiungo chake kiitwacho klachi. Huenda mmoja wenu atauliza, "Habari za vyuma zatufaa nini sisi watu wa nyumbani?" Tutamjibu kwa kusimulia kwanza yaliyotupata wenyewe, kisha tutaeleza kazi yenyewe hatua kwa hatua, ili mwenye chombo kama chetu asipatwe na aibu iliyotupata sisi.

Yaliyotupata mbugani

Ilikuwa wakati wa masika, yapata saa 11 jioni. Jirani yetu, mama kijana, alikuja mbio na mtoto wake wa miaka 4 mgongoni. Mwili wa mtoto uliwaka kwa homa na macho yake yalikuwa yamelegea. Mama akasema, "Mwalimu, nisaidie, mtoto hanijibu tena." Hatukungoja neno la pili. Tukawapakia nyuma yetu, tukashika njia ya mbuga iendayo hospitali ya Nkinga.

Wenyeji wa Igunga wazijua njia za mbuga. Wakati wa kiangazi ni vumbi na nyufa. Mvua ikinyesha, udongo mweusi hunata magurudumuni hata yasizunguke. Tulipofika penye tope zito tulirudisha gia chini, tukaongeza moto. Injini ikanguruma kwa nguvu, lakini gurudumu la nyuma halikuzidi mwendo. Tukaongeza tena, kelele ikazidi, na pikipiki ikasimama kabisa, injini ikiwa ingali hai. Ndipo tuliponusa harufu kali ya kuungua kutoka ubavuni mwa injini.

Mama yule hakutulaumu hata kwa neno moja. Alishuka, akamfunga mtoto vizuri mgongoni, akaanza kutembea kwa miguu katika tope. Jambo hilo latuuma hata leo. Ilitokea bahati njema kwamba mzee mmoja alipita na mkokoteni wa ng'ombe, akatuchukua, nasi tukafika hospitalini saa 4 usiku. Mtoto alitibiwa malaria, akapona. Mganga alisema tu ya kuwa homa ya namna ile haipendi kungojewa.

Sasa lazima tuseme kweli. Wiki tatu kabla ya siku ile tuliona mkono wa klachi umelegea kidogo, tukaukaza waya hata mkono usiwe na nafasi yoyote ya kuchezea. Tulifurahi, tukidhani tumeipa klachi nguvu. Tena, mara mbili au tatu tulisikia injini ikilia bila mwendo tulipopanda kilima na mzigo, tukasema, "Ni uzee wa chombo." Haikuwa uzee peke yake. Ilikuwa kutojua kwetu na uvivu wetu.

Chombo chenyewe

Pikipiki yetu ni Honda CG125, nayo imepita miaka 40. Aina hii ilianza kuuzwa mwaka 1976. Kabla ya kuiunda, wahandisi wa kampuni hiyo walizuru nchi zinazoendelea ili watazame watu wanavyotumia pikipiki. Waliona ya kuwa hubebeshwa mizigo kupita kiasi na hazitunzwi kwa wakati wake. Basi wakaunda injini nyepesi kutunzwa, ambayo vali zake hufunguliwa na fimbo za chuma badala ya mnyororo. Baadaye injini hiyo iliigwa sana katika viwanda vya China, hata pikipiki nyingi za bodaboda tuzionazo katika barabara ya Nzega na Singida ni za ukoo huo. Ndiyo sababu mwenye chombo cha kale namna hii hakosi spea, kama akijua anachotafuta.

Nchi hii yetu ya Unyamwezi imejua tangu zamani maana ya kuchukua mizigo. Burton na Speke walipofika Tabora mwaka 1857, siku zile mahali pale pakiitwa Kazeh, mizigo yao ililetwa na wapagazi kwa miguu kutoka pwani, na Wanyamwezi walisifiwa sana kwa kazi hiyo. Reli ya kati ilifika Tabora mwaka 1912. Lakini reli haifiki katika kila kijiji, wala gari haipiti kila njia. Mpaka leo mgonjwa, gunia la mpunga, dawa na daftari za shule hupita kwa pikipiki. Kwa hiyo klachi iliyochakaa si shida ya mwenye pikipiki tu, ni shida ya kijiji kizima.

Kazi ya klachi ni nini?

Klachi ni kiungo kinachopokea nguvu kutoka injini na kuipeleka katika gia. Wapagazi wa kale walipopokezana mzigo njiani, yule anayepokea alipaswa kuushika sawasawa kabla mwenzake hajauachia. Akiushika nusu, mzigo hudondoka. Klachi nayo ni vivyo hivyo.

Ndani yake mna bakuli la chuma lenye mianya pembeni, ambalo huzungushwa na injini. Ndani ya bakuli mna sahani za namna mbili, zimepangwa moja baada ya moja. Za kwanza ni sahani za msuguano, zilizobandikwa vipande vya kushikia. Masikio yake huingia katika mianya ya bakuli, nazo huzunguka pamoja nalo. Za pili ni sahani tupu za chuma. Hizo zina meno upande wa ndani, nayo hushika kitovu kinachozungusha gia. Springi 4 huzibana sahani zote pamoja. Zikibanwa, zote huzunguka kama kitu kimoja na pikipiki huenda. Ukivuta mkono wa klachi, waya hupunguza mbano wa springi, sahani huachana, na injini huzunguka peke yake hata ubadili gia.

Basi ni rahisi kuelewa kosa letu. Waya uliokazwa mno ni sawa na mtu aliyeuvuta mkono wa klachi kidogo mchana kutwa. Springi hazibani kwa nguvu zote, sahani huteleza, kuteleza huleta moto, na moto huzila.

Dalili za kutazamwa

Ziko dalili za namna tatu, nazo zisichanganywe.

Ya kwanza ni kuteleza. Injini hupandisha sauti lakini mwendo hauongezeki, hasa kilimani, penye tope, au ukiwa na mzigo. Ili kupima, chagua barabara tambarare isiyo na watu, nenda mwendo wa wastani katika gia ya 3 au ya 4, kisha fungua moto ghafula. Kama sauti inapanda na mwendo wabaki pale pale, klachi inateleza.

Ya pili ni kutoachana. Umevuta mkono mpaka mwisho, lakini pikipiki yataka kwenda. Gia ya kwanza huingia kwa kishindo, na ile nafasi isiyo na gia haipatikani ukisimama. Hapo huenda waya umelegea mno, au sahani za chuma zimepinda, au mianya ya bakuli imelika.

Ya tatu ni kushtuka na kugonga. Ukiachia mkono polepole pikipiki huruka kama mbuzi, au wasikia mgongano ubavuni mwa injini. Mara nyingi shida ni bakuli au beringi ya kusukumia.

Kabla ya kufungua

Baada ya siku ile tulikwenda kwa fundi mmoja. Yeye hakuinuka hata kitini pake. Aliitazama pikipiki kwa mbali, akasema klachi nzima inunuliwe, na bakuli lake pia. Tukaondoka na huzuni, maana fedha hatukuwa nazo. Kisha tulimwendea mzee mmoja aliyefanya kazi hii tangu ujana wake. Tukamwamkia, "Shikamoo, mzee." Akaitika, akatusikiliza mpaka mwisho, akasema, "Mwalimu, usinunue kitu ambacho hujakipima. Nenda kwanza kwenye waya, kisha kwenye oili, ndipo uguse spana." Mzee huyo ndiye aliyetusimamia, nasi twamshukuru.

Anza na waya. Ncha ya mkono wa klachi yapasa kuchezacheza kiasi cha milimita 10 hadi 20 kabla ya kuanza kuvuta. Kwetu ilikuwa 0. Tazama pia kama nyuzi za waya zimekatika, na kama unapita bila kukwama, utie mafuta.

Kisha tazama oili, maana klachi ya pikipiki hizi huogelea katika oili ile ile ya injini. Oili nyingine za magari hutiwa dawa za kupunguza msuguano. Ni njema kwa gari, lakini huifanya klachi ya pikipiki iteleze. Nunua oili ya pikipiki. Nyingi huandikwa JASO MA kwenye chupa.

Ikiwa umerekebisha waya na oili na bado yateleza, hapo fungua.

Kufungua

Kazi hii tuliifanya uani, siku ya Jumamosi, injini ikiwa imepoa tangu usiku. Tulitandika mkeka wa zamani na nguo safi juu yake. Mama wa nyumba alileta sufuria kuukuu ya kukingia oili, na mwanetu wa darasa la 6 alipewa kazi ya kushika bolti. Alichora umbo la kifuniko juu ya kipande cha boksi, akatoboa tundu mahali pa kila bolti, na kila bolti iliyotoka akaichomeka mahali pake. Jambo hili ni dogo lakini lina faida kubwa, kwa kuwa bolti za kifuniko hazilingani kwa urefu. Bolti ndefu ikiingizwa penye tundu fupi huweza kupasua injini.

Simamisha pikipiki imara. Mwaga oili yote, uitazame: oili nyeusi yenye harufu ya kuungua na vumbi laini ni ushahidi wa sahani zilizolika. Usiimwage chini wala karibu na kisima, kwa maana huharibu udongo na maji. Itie katika dumu, ulifunge.

Ondoa mkono wa kuwashia kwa mguu, na chochote kingine kinachozuia kifuniko cha upande wa klachi. Fungua waya. Legeza bolti za kifuniko kidogo kidogo, kwa kukingamisha, kisha ukigonge polepole kwa mpini wa mti kiachane. Usichomeke bisibisi kati ya nyuso mbili, maana mkwaruzo mmoja huleta kuvuja kusikokwisha. Angalia pini mbili ndogo za kuelekezea, hupotea upesi.

Sasa klachi yaonekana. Legeza bolti 4 za springi kwa zamu na kwa kukingamisha, ili mbano uondoke sawasawa. Toa springi na bamba lake. Katika pikipiki yetu kitovu kimezuiliwa na pete ya chuma yenye uwazi, ambayo hutolewa kwa koleo maalumu. Katika nyingine huzuiliwa na nati. Vaa miwani, kwa kuwa pete hiyo hurukia machoni. Kisha vuta kitovu na sahani zake zote pamoja, uzipange juu ya nguo kwa utaratibu ule ule zilivyotoka. Kwetu zilikuwa 5 za msuguano na 4 za chuma.

Neno la hadhari: vipande vya kushikia vya sahani za zamani huenda vimetengenezwa kwa asbesto, ambayo vumbi lake huharibu mapafu. Usivisugue vikavu, wala usivipulize kwa mdomo au kwa pampu, na watoto wasivichezee.

Kukagua

Hapa ndipo penye kiini cha kazi, na ndipo wengi wanapofanya haraka.

Sahani za msuguano. Pima unene wa kila moja mahali 3 au 4. Kwa Honda ya namna yetu sahani mpya ina unene wa karibu milimita 3, nayo hutupwa ikifika 2.6. Zetu zote 5 zilikuwa chini ya kipimo, na mbili zilikuwa nyeusi tena zina ung'avu kama kioo. Mzee akasema, "Hizi zimekwisha, wala usiyahesabu masikio yake." Sahani za msuguano hubadilishwa zote kwa pamoja, ukichanganya mpya na kuukuu, mbano hauwi sawa.

Sahani za chuma. Ilaze kila moja juu ya kipande cha kioo kilichonyooka, ujaribu kupitisha chini yake ukanda mwembamba wa kupimia wa milimita 0.2. Ukipita, sahani imepinda, itupe. Rangi ya buluu ni alama ya moto. Kati ya zetu 4, moja ilikuwa imepinda na mbili zina buluu. Tukabadili zote.

Springi. Zisimamishe zote 4 pamoja na mpya juu ya meza. Iliyofupika imechoka. Zetu zilikuwa fupi kuliko mpya, wala si ajabu, kwani moto huziondolea nguvu.

Bakuli. Pitisha kidole katika mianya. Masikio ya sahani huchimba vijishimo, na sahani hukwama humo zisiachane. Vijishimo vidogo husawazishwa kwa tupa laini, taratibu, pande zote sawasawa. Virefu vyadai bakuli jipya. Letu lilikuwa na alama ndogo tu. Mzee alipitisha tupa mara chache, akaliosha, akasema, "Hili litakuzika wewe, Mwalimu." Tukacheka. Lakini kumbukeni ya kuwa fundi wa kwanza alitaka tulinunue jipya.

Mwisho zungusha beringi ya kusukumia, ikikwaruza, badili. Na ukiwa umekwisha kufungua kifuniko, safisha kichujio cha wavu cha oili, maana ung'a wa sahani hukusanyika humo.

Kununua na kurudisha

Chukua sahani ya zamani uende nayo dukani. Usiseme tu, "Nipe ya CG," kwa kuwa zilizoigwa ni nyingi na hazilingani zote. Linganisha upana, hesabu ya masikio, meno ya ndani na unene. Sahani ambayo vipande vyake vyabanduka kwa ukucha si ya kununuliwa hata ikiwa rahisi.

Sahani mpya za msuguano zisiingizwe kavu. Tuliziloweka katika oili mpya usiku kucha, zikiwa zimefunikwa. Zikiingizwa kavu huungua siku ya kwanza.

Kesho yake, baada ya kazi zetu za asubuhi, tulizipanga: ya msuguano, ya chuma, ya msuguano, hata mwisho, tukianza na ya msuguano na kumaliza na ya msuguano. Ingiza kitovu, kisha ile pete ya kuzuia, uhakikishe imekaa katika mfereji wake pande zote. Kaza bolti za springi kidogo kidogo kwa kukingamisha, kwa spana fupi na mkono wa kiasi, kwa kuwa ni ndogo na hukatika upesi. Kwangua mabaki ya gasketi ya zamani, weka gasketi mpya na pini zake, rudisha kifuniko, na kila bolti irudi mahali pake. Mwanetu alizirudisha zote kutoka katika boksi lake, hata moja haikubaki.

Tia oili, yapata lita 1 kwa pikipiki ya namna hii, ukipima kwa kijiti chake. Rekebisha waya upate ile nafasi ya milimita 10 hadi 20. Kabla ya kuwasha, vuta mkono wa klachi ukiwa katika gia, usukume pikipiki uone kama gurudumu lazunguka huru. Kisha washa, uende polepole siku za kwanza, bila mzigo mzito. Baada ya siku chache pima waya tena, kwani sahani mpya hukaa mahali pake na nafasi hubadilika.

Faida tuliyoipata

Sahani, springi, gasketi na oili, vyote pamoja havikufika bei ya mbuzi dume mnadani. Kama tungemsikiliza fundi wa kwanza, tungelipa zaidi na kosa letu la waya lingebaki pale pale, na sahani mpya zingeungua kama zile za kwanza. Anayebadili kitu pasipo kujua kilichokiharibu amenunua uharibifu wa pili.

Sasa nyumbani mwetu limewekwa daftari. Mama wa nyumba ndiye mwandishi wake: siku ya kubadili oili, siku ya kupima waya, na kila sauti mpya iliyosikika njiani. Kila Jumamosi mwanetu hushika rula na kupima mkono wa klachi, kazi isiyozidi dakika 2. Walimu wenzetu, jambo hili lafaa pia kufundishwa vijana wakubwa shuleni, maana wengi wao kesho watakuwa waendesha bodaboda.

Wiki iliyopita tulipita njia ile ile ya mbuga. Mama yule alikuwa shambani kwake, na mtoto wake alikuwa akiwafukuza ndege katika mpunga. Mtoto akatuona, akapaza sauti, "Mwalimu, leo inakwenda?" Tukamjibu, "Inakwenda, mwanangu." Wasomaji wapenzi, pimeni nyaya zenu leo, kabla jirani hajabisha hodi. Kwa herini.